Bahiga Haibiwi

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba

Gari la daktari wa meno limeibwa. Mchana kweupe! Mbele ya duka la dawa, watu wamekaa wanakunywa chai. Dakta Nazmi alitoka na koti lake jeupe, koleo mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia. Mgonjwa wake akamfuata nje, mdomo wazi, pamba bado imo. Mtaa wetu wote hapa Shubra ukampa pole. Na mimi nilimpa pole, kisha nikakimbia kutazama gari langu.

Alhamisi, tarehe 16, namwoza Nashwa, binti yangu wa pekee. Na Nashwa ataondoka nyumbani kwangu ndani ya Bahiga. Hilo halina mjadala. Bahiga ni gari langu, jekundu, la Kirusi, limemzidi umri bwana harusi. Ndilo lililomtoa Nashwa hospitali akiwa na siku mbili, amefungwa kwenye shali ya mama yake. Alipokuwa na miaka sita aliniomba mwenyewe: Baba, siku nikiolewa unipeleke na Bahiga. Nikamwambia haya. Sasa Bahiga akiibwa kabla ya Alhamisi, nitamwambia nini mtoto?

Nikamwambia mke wangu, Insaf, kwamba tuko hatarini. Akasema mwizi wa kumwiba Bahiga bado hajazaliwa, na akizaliwa mama yake atamficha kwa aibu. Miaka thelathini ya ndoa! Hii ni dharau.

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Nimelichunguza jambo hili kitaalamu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali miaka thelathini na mitatu. Nimewanasa wauza nyama waliokuwa wakificha sumaku chini ya sahani. Mwizi wa magari hanitishi. Kosa letu nimeshaliona: tunaegesha kijinga.

Mtaa ni mwembamba, magari ni mengi, kwa hiyo tunapanga safu mbili. Wa safu ya nje lazima aache gari nyutro, bila gia, breki ya mkono imeshushwa, ili wa ndani akitaka kutoka, Ami Zinhom, mlinzi wa magari, alisukume mbele au nyuma. Ndivyo tulivyozoea sote. Ukivuta breki, huna adabu. Kila asubuhi namkuta Bahiga mahali tofauti: jana kwa fundi viatu, leo kwa mwuza maua. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza! Watu wa mtaa huu wakiona gari la mtu linasukumwa, wanatoa mkono kusaidia. Mwizi hahitaji ufunguo. Anahitaji kiuno tu.

Hatua ya kwanza: nimeng'oa usukani. Ni nati moja. Natembea nao kwapani.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nilikwenda na usukani wangu kwa Haji Mitwalli, baba wa Ihab, bwana harusi wetu, kuzungumzia ukumbi. Haji anauza vigae vya bafuni, na ana gari jeusi la Kijerumani, refu, linalong'aa mpaka linakera. Alinifungulia mlango, akautazama usukani, akasema: "Karibu nahodha! Meli umeiacha wapi?" Ukoo mzima ukacheka, hata shangazi yao kiziwi. Kisha akasema, kwa upole ule wa kuchoma, usijisumbue Bwana Sabri, bi harusi atapanda gari langu, lina kiyoyozi. Nikamjibu binti yangu hasikii joto.

Kurudi nyumbani, balaa. Ami Zinhom alikuwa amemsukuma Bahiga kama kawaida. Akatia mkono dirishani akate kona, mkono ukashika hewa. Bahiga akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkokoteni wa nyanya wa Mama Hashim. Zinhom akaniuliza mbele za watu, tangu lini gari linaendeshwa kwa dua? Nimelazimika kuchukua nyanya zote zilizopondeka. Leo tumekula nyanya. Kesho nyanya. Insaf amesema usukani urudi mahali pake, la sivyo atanipikia huo pia.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Usukani umerudi. Hatua ya pili ni bora zaidi. Nimechukua kengele ya mlango wetu, ile inayolia kama ndege wa tunduni, nikaifunga chini ya Bahiga pamoja na betri, waya ukagusa gurudumu. Gari likisogea shibiri moja tu, ndege analia. Akili hizo!

Mpaka saa nne asubuhi ndege alikuwa amelia mara ishirini na mbili. Nimeshuka ghorofa nne mara ishirini na mbili, na nguo za kulalia. Kila nikifika, ni Zinhom na kiuno chake. Mara ya ishirini na tatu nikasema sishuki ng'o. Muadhini amelalamika. Mwenye duka la dawa amelalamika. Paka wa mtaa mzima wamekaa duara chini ya gari, wanamtafuta huyo ndege.

Alasiri mke wa Haji Mitwalli alikuja na trei ya biskuti za harusi. Mlangoni hakuna kengele. Akagonga. Insaf alidhani ni mimi napiga nyundo, ndivyo nilivyomzoesha wiki hii. Mama wa watu akasimama kwenye ngazi nusu saa nzima, akateremka na trei yake. Sasa Insaf hasemi nami. Anazungumza na jiko, kwa sauti, nisikie.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Inatosha! Mzizi wa tatizo ni nyutro. Leo nimefanya jambo ambalo mwanamume mwingine wa mtaa huu hajawahi kuthubutu. Nimeegesha safu ya nje, nikavuta breki ya mkono, nikaingiza gia ya kwanza, nikafunga milango yote minne, nikaenda kusali Ijumaa. Sijawahi kusikiliza hotuba kwa utulivu kiasi kile.

Kutoka msikitini, Bahiga hayupo! Nikapiga ukelele. Kumbe yupo. Yuko juu kwenye njia ya waenda kwa miguu, katikati ya nguzo ya taa na ukuta, hana hata upana wa kiganja mbele wala nyuma. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamembeba mzegamzega na kumweka pale, kwa sababu mwuza maua alitaka kumpeleka mkewe kujifungua, nami nilikuwa nimemfungia njia. Mtoto ni wa kiume, mama mzima. Bado hawajachagua jina, ila wamesema halitakuwa Sabri.

Kumshusha Bahiga kulihitaji wanaume walewale kumi na mmoja. Walitaka kaimati kwanza. Kisha chai. Kisha niombe radhi, na mmoja wao akasema hajasikia, nirudie. Ami Zinhom hakubeba wala hakula. Nilimpelekea glasi ya chai, akanirudishia ikiwa imejaa, akasema: "Bwana mkaguzi, mimi na wewe basi. Jilindie gari lako mwenyewe." Nikamwambia vizuri sana. Vizuri sana kabisa!

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Jana nimeshinda chini ya Bahiga. Hatua ya tatu ndiyo kiboko: swichi ya siri. Iko chini ya kiti cha dereva, upande wa kulia, na inakata petroli. Ukiizima, gari linakohoa mara mbili tatu, kisha linakufa. Mwizi atakaa pale mpaka azeeke. Hakuna anayeijua ila mimi. Nimejipongeza kwa juisi ya miwa.

Leo alasiri nilimpitia Nashwa kwa mshona gauni. Tukiwa chini ya daraja la reli, Bahiga akakohoa, akafa. Honi nyuma yetu sijui ngapi. Nikafungua boneti. Nikasugua plagi. Nikapuliza kabureta. Nashwa amekaa nyuma, gauni jeupe juu ya magoti, jasho linamtiririka. Robo saa nzima! Dereva wa teksi akaniuliza kama hapo nimefungua duka. Ndipo nikakumbuka swichi. Kisigino changu ndicho kilichoizima wakati wa kuingia.

Tukafika mlangoni. Nashwa akasema polepole: "Baba, labda kweli nipande gari la baba yake Ihab. Usijisumbue." Usijisumbue! Neno lilelile la Haji. Nikajifanya natafuta ufunguo. Akanitazama, akanishika mkono, akasema alikuwa anatania, ataondoka na Bahiga au haondoki. Mtoto huyu hajui kutania. Tangu utoto hajui. Nimeumia, naandika wazi.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Siku tatu zimebaki na hakuna anayelinda gari. Hatua ya nne: nimeandika kibao, nikakiweka kiooni: TAHADHARI, NDANI MNA NYOKA. Na kwa ushahidi nikalaza mpira mweusi wa kumwagilia maua chini ya kiti cha nyuma, ncha ikichungulia.

Sikutegemea watu wa mtaa wangu wangekuwa na huruma. Mama Hashim, ambaye bado ananidai tabasamu tangu siku ya nyanya, alikwenda mwenyewe kuita mshika nyoka, mzee mwenye fimbo na mfuko, mtu wa dua. Nikamwambia mzee, ni mpira tu. Akaniwekea kidole mdomoni. Akazunguka gari mara tatu, akanong'ona, akaingiza mkono chini ya kiti cha mbele, akatoa nyoka. Nyoka mzima! Anayejinyonganyonga! Watu wakamtukuza Mungu. Mimi nikakaa chini ukingoni mwa barabara.

Ama alikuwa kwenye mkono wa kanzu yake, ama alikuwa ndani ya Bahiga tangu lini sijui. Nimemuuliza mara nne, anatabasamu tu. Nimeingia kwenye gari langu mwenyewe nikiwa nimeinua miguu yote miwili.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Mpira haukupotea bure. Hatua ya tano: petroli. Kila nikimaliza safari nainyonya kutoka kwenye tangi kwa ule mpira, naitia kwenye dumu, naacha kiasi cha vikombe viwili. Hata mwizi akishinda mengine yote, hatavuka mitaa mitatu.

Ubaya wake ni kunyonya. Nimemeza. Kila kitu kina ladha ya petroli: maharage, mkate, chai. Nikicheua, watu wanazima sigara. Dumu nimeliweka kwenye roshani, kando ya biskuti za harusi (trei ilirudi, tumesameheana). Insaf ameachana na jiko, amerejea kuzungumza nami. Amesema: "Baba Nashwa, nyumba ikiungua kabla ya Alhamisi, mimi nahamia kwa Haji Mitwalli pamoja na bi harusi."

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Siku ya hina. Wanawake tele, ngoma, vigelegele, nimefukuzwa kwangu. Nikateremka kumwosha Bahiga. Nilimsugua mpaka rangi ikaanza kuniachia mkononi, nikaacha.

Haji Mitwalli akapita na gari lake, akashusha kioo (kinashuka chenyewe!), akatangaza mbele ya mkahawa mzima kwamba kesho ataleta gari jeusi kama akiba. Akiba! Damu ikanipanda. Nikaapa palepale, kwa sauti: Bahiga asipokuwa mlangoni kwangu kesho alasiri, nitalifuata gari lako kwa miguu mpaka ukumbini. Watu wakapiga makofi. Zinhom alikuwa kwenye kigoda chake, akatafuna mbegu zake za maboga, akatema ganda.

Nashwa alisikia kiapo kutoka dirishani. Viganja vyake vina hina mbichi, akanipungia kiwiko. Nimemcheka. Kisha nikageukia kioo cha Bahiga, nikakifuta tena.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, saa nane mchana

Naandika haraka, nusu ya uso ina povu.

Saa tano asubuhi nilikwenda kwa Fundi Wadii kinyozi, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Huko Bahiga hawamjui. Nikaegesha safu ya nje, na kwa kuwa sitaki kuwalisha kaimati wanaume wengine kumi na mmoja, nikaacha nyutro. Swichi nimeizima. Petroli vikombe viwili. Nyingine ningeitia baadaye, kutoka kwenye dumu. Ulinzi kamili!

Fundi Wadii akanivua miwani, akanilaza kitini, akanipaka povu. Akamaliza shavu la kulia. Nje nikasikia mtu, sauti ya adabu sana: "Jamani, nisukumieni, nachelewa harusini!" Watu wa Shubra hawangoji kuambiwa mara mbili. Wakatoka wateja wawili, mwuza mkate, na Fundi Wadii mwenyewe na wembe wake. Nikawasikia wakisukuma. Injini ikakohoa, ikafa. Wakasukuma tena. Ikakohoa, ikafa.

Mimi nikajua ugonjwa wake. Kwa sikio tu, bila miwani, chali! Nikapaza sauti kutoka kitini: hiyo petroli haifiki! Pengine imewekwa swichi! Hebu tazama chini ya kiti cha dereva, upande wa kulia, ndiko watu wenye akili wanakoificha! Kisha injini ikanguruma vizuri. Nikamwambia Fundi Wadii mlangoni, umesikia, magari haya ya Kirusi yote yana sauti moja. Mtu yule akapiga kelele, Mungu akuweke, mzee wangu! Wakanipigia makofi. Nikatoa mkono nje ya shuka, nikawapungia.

Kisha nikavaa miwani.

Nimekimbia mtaa hadi mtaa na povu usoni. Hayupo. Fundi Wadii analia, anasema amemsukuma kwa mikono yake. Na mimi je? Mimi nimemwashia! Insaf ameniletea kiti na maji, na hilo ndilo linalonitisha. Nashwa yuko chumbani na msusi, hajui. Gari jeusi limeshafika chini, limepambwa maua. Haji alinitazama shavu la kulia, akanitazama la kushoto. Zimebaki saa mbili. Miaka ishirini mtoto amengoja safari moja. Polisi wameniambia nirudi Jumamosi. Nakwenda kwa Zinhom. Yarabi, nakwenda kwa Zinhom.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Nimeamka adhuhuri. Mgongo hauinuki, naandika nikiwa nimelala.

Zinhom alikuwa kwenye kigoda chake na chai yake. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: breki, swichi, kinyozi, kiapo. Nikasema Ami Zinhom, nimekukosea. Nisaidie. Si mimi, ni Nashwa. Akanywa chai mpaka majani. Kisha akauliza jambo moja tu: tangini mlikuwa na petroli kiasi gani? Nikasema vikombe viwili, na nimeshavipunguza kwa kwenda kwa kinyozi. Akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Hili sikulijua, nami nimeishi Shubra miaka sitini na mitatu: walinzi wa magari wote wanajuana, na kila mmoja anakumbuka alichosukuma. Mluzi ukajibiwa kule kanisani. Mlinzi wa kanisani akasema ndiyo, jekundu, la Kirusi, lilizimika hapa. Mwenyewe alisema anafuata petroli, hajarudi. Lilikuwa linaziba njia, na liko nyutro, kwa hiyo alilisukuma mpaka kwenye tanuri la mikate. Wa kwenye tanuri alilisukuma mpaka shule ya wauguzi. Wa shuleni alilisukuma mpaka kwa mshona magodoro. Tukakimbia, mimi na povu lililokauka, Zinhom na kandambili zake. Na kwa mshona magodoro, amefunikwa pamba juu mpaka chini, alikuwa Bahiga. Mzima! Kioo kidogo cha pembeni tu ndicho kimebanduliwa. Nilibusu boneti mbele za watu, wala sikuona haya.

Nikatuma mtu nyumbani alete dumu. Akarudi mikono mitupu. Insaf, kwa kuogopa moto, alikuwa amempa dumu dereva wa Haji. Petroli yangu imo ndani ya gari jeusi! Niliyoinyonya kwa mdomo wangu! Na kituo cha petroli, foleni ilifika darajani.

Zinhom akasema: "Bwana mkaguzi, keti, shika usukani. Mengine tuachie." Wakaja walinzi wa mitaa mitano, mshona magodoro, mwokaji, mwuza maua, Fundi Wadii na majuto yake. Walimsukuma Bahiga mpaka mlangoni kwangu, alasiri kamili, zumari na ngoma zikatupokea kwenye kona. Nashwa akatokea mlangoni na gauni lake. Akaniona: shavu moja limenyolewa, jingine lina povu kavu na pamba imeganda juu yake. Nikafungua kinywa nieleze. Akacheka mpaka wanja ukamtiririka, akakusanya gauni, akaingia ndani ya Bahiga bila hata kulitupia jicho gari jeusi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda ukumbini. Watu ishirini wanasukuma na kuimba, vigelegele kila dirisha. Gari jeusi nyuma yetu, mwendo wa kobe, klachi inanuka. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha usukani tu, na hata hiyo ilinishinda, macho yalikuwa yamejaa. Nashwa akaniinamia kwa nyuma, akanishika bega, akasema taratibu: "Baba, achia breki. Watu wanachoka." Kumbe nilikuwa nimeikanyaga njia nzima. Sikutaka tufike.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Nyumba kimya. Insaf anakunja shuka za Nashwa, anazikunjua, anazikunja tena. Nashwa alipiga simu yake ya kwanza asubuhi. Anasema chai ya kwa kina Ihab ni nyepesi. Nilifurahi kupita kiasi.

Nimeyatafakari yaliyotokea, bila kujipendelea, na ukweli uko wazi: hatua zangu zimefanya kazi. Bila vile vikombe viwili, Bahiga saa hizi angekuwa jangwani huko. Zinhom alipiga mluzi tu. Nilimweleza hivyo kwa heshima zote. Akainua macho mbinguni, akarudi kwenye mbegu zake. Wivu!

Na si haki akili kama hii nikae nayo peke yangu, wakati Dakta Nazmi wa watu anakwenda kazini kwa basi. Kwa hiyo nimeandika karatasi kubwa, kwa wino mwekundu, nikaibandika ukutani kwenye lango la jengo letu: Jinsi Sabri Bayoumi Anavyolinda Gari Lake. Nimeeleza kila kitu. Saa ninayonyonya petroli na saa ninayoirudisha. Kioo cha pembeni ambacho bado sijakitengeneza. Swichi mpya, ambayo sasa iko nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara, pamoja na mchoro na mshale. Insaf akashuka, akaisoma mpaka mwisho, akakaa kwenye ngazi, akasema: "Baba Nashwa. Wewe, Baba Nashwa. Wewe." Naona imemgusa.

Alasiri hii bwana mmoja alisimama mbele ya karatasi yangu nusu saa nzima. Mgeni hapa mtaani, mstaarabu, kalamu yake mfukoni. Aliinakili yote, hadi mshale. Akaniuliza, kwa adabu, na gari lenyewe ni lipi? Bado wapo watu wanaopenda kujifunza katika nchi hii! Nilimpeleka mpaka kwa Bahiga, nikamfungulia mlango aone vizuri.